Watu wa Katikati

Jumamosi moja mama alinipigia saa mbili kasoro asubuhi kuuliza ni chaneli gani. Nilikuwa nimemwambia kwamba katuni niliyoifanyia kazi miezi mitano ingeonyeshwa siku hiyo. Yeye naye alikuwa ameita majirani wawili na watoto wote wa dadangu, akawapikia chai na mandazi kama watu waliokuja kuona mgeni. Mimi nilikuwa kwa bedsita yangu Zimmerman, sina TV, kwa hivyo niliisikiliza kupitia simu. Nilisikia watoto wakicheka pale nilipotarajia wacheke. Kisha wimbo wa mwisho ukaanza na majina yakapita.

Mama akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Labda yamepita haraka."

Hayakuwa yamepita haraka. Jina langu halikuwemo. Studio iliyonipa kazi, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeandika mkurugenzi, mwandishi, waliotoa sauti, hata kampuni iliyoleta chakula. Sisi tulioketi chumba cha nyuma tukisogeza mikono na miguu ya wahusika tuliwekwa kwa maneno mawili: "na wengine."

Nimekuwa nikifikiria hayo maneno mawili kwa muda. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana, na mama alivumilia hilo kwa sababu nilimwahidi kwamba kazi hii ni kazi. Ile asubuhi ilikuwa ushahidi wangu. Kwa hivyo nilipopata nafasi nilianza kusoma: hawa "na wengine" walianza lini?

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana ukisema animesheni watu hudhani unachora picha moja baada ya nyingine mpaka mkono ufe ganzi. Siku hizi mhusika hunifikia akiwa vipande vipande kama mbuzi wa buchani: kichwa, kiwiliwili, mkono wa juu, mkono wa chini, kiganja, paja, mguu, kiatu. Macho mbali, mdomo mbali. Kila kipande kina tabaka lake, na tabaka la juu hufunika la chini. Mkono wa kulia ukiwa mbele ya kifua, wa kushoto unakaa nyuma yake. Kila kipande pia hupewa kituo, yaani mahali kitakapozungukia: mkono wa juu huzungukia begani, wa chini kwenye kiwiko. Ukikosea kituo, mhusika akipunga mkono unang'oka begani unaelea hewani, na bosi anakucheka mbele ya watu.

Sasa tuseme mhusika ni makanga, amening'inia mlangoni mwa matatu, anataka kugonga bodi dereva aondoe gari. Kwenye fremu ya 1 unaweka mkono wake chini. Kwenye fremu ya 13 unauweka juu. Hizo mbili ndizo fremu kuu, na kwenye mstari wa wakati zinaonekana kama vidoti vyeusi. Katikati yake kuna fremu 11 ambazo hujazigusa. Unachagua twini, programu inazijaza yenyewe. Kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, umepata nusu sekunde ya mwendo.

Ukiishia hapo, makanga wako ni roboti. Mkono wa mtu hauanzi na kumaliza kwa kasi moja. Huanza pole, hushika kasi, kisha hupunguza. Basi unapinda ule mwendo wa twini. Halafu unachelewesha mkono wa chini fremu mbili nyuma ya mkono wa juu, na kiganja fremu mbili nyuma ya mkono wa chini, kwa sababu bega ndilo huvuta na vidole hufuata. Hapo ndipo mtu anapoonekana ana uzito. Hiyo ndiyo kazi tuliyoifanya miezi mitano, kipande kwa kipande.

Neno twini lenyewe limekatwa kutoka kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "katikati." Lakini kabla katikati haijawa kitu cha kubofya, katikati alikuwa mtu.

Mwaka 1914 mchoraji wa magazeti wa Marekani, Winsor McCay, alipanda jukwaani na filamu ya dainosari wa kike aitwaye Gertie. McCay alisimama kando ya skrini ameshika mjeledi, akimwamuru Gertie ainue mguu, na Gertie anatii. Kupata ule utiifu kulihitaji maelfu ya michoro, kila mmoja kwenye karatasi yake. McCay hakuchora tu kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Alianza na mikao mikuu, kisha akachora iliyo katikati ya hiyo, kisha katikati ya katikati, akigawa mpaka mwendo ukajaa. Hizo ni fremu kuu, miaka mingi kabla ya kompyuta.

Tabaka ndizo alizokuwa hana. Kwa kuwa kila mchoro ulikuwa karatasi nzima, mawe, mti na maji ya nyuma ya Gertie yalihitaji kuchorwa upya kwenye kila karatasi. Kazi hiyo alipewa jirani yake kijana, mwanafunzi wa sanaa, John Fitzsimmons. Fikiria: mwenzako anachora dainosari anayecheza, wewe unanakili mawe yaleyale, leo, kesho, wiki ijayo. Ukiitazama Gertie utaona mawe yanatetemeka kidogo. Ule mtetemeko ni mkono wa Fitzsimmons.

Mwaka huohuo Mmarekani mwingine, Earl Hurd, aliomba hataza ya wazo lililoondoa hiyo adhabu, akaipata mwaka 1915. Mhusika achorwe kwenye karatasi angavu ya seluloidi, iwekwe juu ya mandhari moja iliyopakwa rangi mara moja tu. Kinachosogea kichorwe upya, kilichotulia kibaki. Mwili ukiwa umesimama na mdomo tu unaongea, chora midomo pekee uiweke juu. Hizo ndizo tabaka zangu, ila zilikuwa za plastiki na zingeweza kushika moto. Hurd aliungana na John Randolph Bray, mwenye studio, na studio nyingine zikawa zinawalipa ada ya kutumia njia hiyo hadi hataza zilipoisha mwaka 1932.

Kule Ujerumani, Lotte Reiniger alifika kwenye jambo hilohilo kwa mkasi. Kati ya 1923 na 1926, juu ya gereji moja huko Potsdam, alitengeneza filamu ndefu ya Mwanamfalme Achmed kwa vivuli vya karatasi ngumu. Alikuwa hajafikisha miaka 25 alipoianza. Wahusika wake walikatwa viungo, kisha viungo vikaunganishwa kwa waya ili goti na kiwiko vipinde. Aliwalaza juu ya vioo vilivyopangwa ngazi kwa ngazi, kamera ikiwatazama kutoka juu, akawasogeza kidogo, picha moja, kidogo tena, picha moja. Ndiyo filamu ndefu ya animesheni ya zamani kuliko zote zilizobaki hadi leo. Nilipoona picha za vibaraka wake nilicheka peke yangu, maana ni faili zangu kabisa: kituo begani, kituo kwenye kiwiko.

Seluloidi ilileta kitu kingine pamoja na tabaka: ngazi ya vyeo. Kama mchoro unaweza kutenganishwa vipande, kazi nayo inaweza kutenganishwa. Kufikia miaka ya 1930, katika studio kubwa za Marekani, mchoraji mkuu alichora mikao mikuu peke yake. Michoro ya kati alipewa kijana wa mshahara mdogo ambaye cheo chake kilikuwa hichohicho, mtu wa katikati. Kisha karatasi zilipelekwa jengo jingine, ambako wanawake walinakili mistari kwa wino kwenye seluloidi na kupaka rangi upande wa nyuma, kwa mikono isiyotakiwa kutetemeka. Snow White ya Disney, iliyotoka Desemba 1937, ilipita mikononi mwa wanawake hao, na majina yao hayakuandikwa kwenye skrini. Kuna barua ya mwaka 1938 ambayo studio hiyo ilimwandikia msichana aliyeomba kufundishwa uchoraji wa katuni, ikimweleza kwamba wanawake hawafanyi kazi ya ubunifu pale. Kazi yao ilikuwa wino na rangi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hasira yangu ya Jumamosi ina babu na bibi.

Mwezi Mei 1937, wafanyakazi wa studio ya Fleischer jijini New York, ile ya Popeye na Betty Boop, waligoma. Wengi wao walikuwa watu wa vyeo vya chini: wa katikati, wa wino, wa rangi. Walikaa nje kama miezi mitano. Tarehe 29 Mei 1941 ikawa zamu ya Disney huko Burbank, baada ya Art Babbitt, mmoja wa wachoraji wakuu, kufutwa kazi kwa sababu ya chama cha wafanyakazi. Huyu jamaa alikuwa analipwa vizuri. Angeweza kunyamaza. Lakini alitembea na mabango pamoja na watu wa katikati. Malalamiko yao ungeyasikia hata leo River Road: mshahara usioeleweka umepangwaje, bonasi zilizoahidiwa, na majina. Katika katuni fupi jina lililosimama peke yake mwanzoni lilikuwa la Walt Disney. Mgomo ulipoisha, studio ilikubali chama, na mishahara ikapanda. Wengine hawakurudi tena.

Ningependa kusema historia iliishia hapo vizuri, lakini historia ya animesheni ni pia historia ya kutafuta njia ya kutomlipa mtu wa katikati.

Mwaka 1957 William Hanna na Joseph Barbera, waliokuwa wametengeneza Tom na Jerry kwa fahari zote, walijikuta wanatengeneza katuni za televisheni kwa bajeti ndogo sana. Dawa yao ilikuwa tabaka. Ukimtazama Yogi Bear, dubu huyo hana nguo ila kofia, tai na kola. Kwa nini dubu avae kola? Kwa sababu kola inaficha mahali kichwa kilipokatwa kutoka kwa mwili. Mwili unabaki seluloidi moja, umetulia kama sanamu. Kichwa kiko kwenye tabaka lake, kinageuka na kuongea. Michoro inapungua, na watu pia. Sisi bado tunafanya hivyo. Ukiona mhusika wa katuni ana skafu Mombasa kwenye jua kali, usiulize.

Kisha ikaja Ottawa. Mwaka 1969 Nestor Burtnyk, mtaalamu wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, alihudhuria mkutano California na kumsikia mchoraji kutoka Disney akieleza jinsi wakuu wanavyochora mikao mikuu na wasaidizi wanajaza katikati. Burtnyk aliona kwamba kujaza katikati ni hesabu: mstari huu uko hapa, utakuwa pale, tafuta nafasi zilizo njiani. Aliporudi nyumbani alitengeneza mfumo wa kompyuta wa kufanya hivyo, na mwenzake Marceli Wein wakauendeleza pamoja. Mwaka 1976 walichapisha njia ya kumwekea mhusika mifupa, ili ukisogeza mfupa mchoro mzima ufuate. Mwaka 1997 Akademia ya filamu ya Marekani iliwapa tuzo ya ufundi kwa kazi hiyo.

Filamu iliyouonyesha mfumo huo kwa dunia iliitwa Njaa. Aliitengeneza Peter Foldes, Mhungari aliyeishi Ufaransa, pamoja na Bodi ya Filamu ya Kanada, ikatoka 1974, ikapata Tuzo ya Majaji huko Cannes. Ni ya dakika kama 11. Mtu anakula, anazidi kula, umbo lake linavimba na kuyeyuka kutoka mstari hadi mstari, hadi mwishowe anazungukwa na watu wenye njaa nao wanamla yeye. Niliiangalia usiku mmoja baada ya kulipwa nusu ya pesa nilizoahidiwa. Sijui kama Foldes aliona kejeli yake: filamu kuhusu mmoja anayekula jasho la wengi ndiyo iliyoonyesha kwamba vijana wa katikati hawahitajiki tena.

Mwaka 1996 Jonathan Gay na wenzake walitoa programu ndogo ya kuchora na kuhuisha iitwayo FutureSplash Animator. Macromedia waliinunua kabla ya mwaka kuisha, wakaiita Flash, na mwaka 2005 Adobe wakainunua Macromedia. Hapo mfumo wa Ottawa ukaingia kwa kompyuta ya kawaida: tabaka upande wa kushoto, mstari wa wakati juu, vidoti vyeusi, twini. Toleo la 2008 likaongeza mifupa. Nami nilikutana nayo nikiwa Form Three, kwenye saiba moja karibu na steji. Ilikuwa nakala ya wizi, shilingi moja kwa dakika. Mwenye saiba alikuwa ananiachia dakika kumi za bure nikimsaidia kufagia. Kitu cha kwanza nilichosogeza kilikuwa mpira: fremu ya 1 juu, fremu ya 12 chini. Ulipodunda nilihisi kama nimeiba kitu. Tangu mwisho wa 2020, Flash ilipozimwa kwenye intaneti, zile faili zangu za kwanza hazifunguki kwa kivinjari chochote cha kawaida.

Kwa hivyo siwezi kuilaani twini. Bila twini mimi nisingekuwa hapa. Hata Nairobi yenyewe isingekuwa na kazi nyingi hizi tunazogombania. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa BBC mwaka 2010, ilitengenezwa hapahapa Nairobi na Homeboyz wakishirikiana na Tiger Aspect ya Uingereza, kwa mtindo wa picha alizoanzisha Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli. Tembo na nyani wake walikuwa bapa kama picha za ukutani, wenye viungo vinavyozunguka. Kizazi changu kiliitazama kikajua kwamba hiyo kazi inaweza kufanyiwa Kenya. Mashine ilichukua kazi ya mtu wa katikati wa Hollywood, ikatupa sisi nafasi.

Ila nafasi tuliyopewa ni ya yule mtu wa katikati. Programu inajaza fremu 11, lakini mtu bado anakaa usiku kupinda ule mwendo, kuchelewesha kiganja, kurudisha bega lililong'oka. Ni mkono ule wa Fitzsimmons, umekalia kipanya.

Sasa nifike mahali ambapo sikutaka kufika nilipoanza kuandika.

Mwaka jana nilipata kazi yangu mwenyewe, tangazo la katuni la dakika moja na nusu la duka la mbegu. Nilikuwa na siku tisa. Nikamchukua kijana mmoja wa Kayole, ndiyo kwanza amemaliza shule, nikampa mhusika mkulima akiwa vipande vipande na kumwambia amtembeze. Alikesha usiku sita. Kutembea ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote. Miguu huteleza kama mtu yuko kwenye barafu. Wake haukuteleza. Nilimlipa shilingi elfu nne, kwa wakati, na nikajiona mtu mzuri sana.

Mwishoni mwa tangazo kulikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Niliandika, "Animesheni:" na jina langu. Sikuwaza mara mbili. Sikumchukia, sikupanga kumwibia. Nafasi ilikuwa ndogo na jina langu lilikuwa la kwanza kunijia.

Nilikumbuka hayo miezi kadhaa baadaye, nikisoma habari za Fitzsimmons na kumwonea huruma kwa ajili ya mawe. Kisha nikatambua kwamba mimi, mtu wa Zimmerman zaidi ya miaka mia moja baadaye, najua jina la kijana aliyenakili mawe. Wateja wa duka la mbegu hawajui jina la kijana aliyemtembeza mkulima wao, na aliyelificha ni mimi.

Nilimpigia simu. Nilianza kwa kuzunguka, mambo ya mvua na kazi, halafu nikasema. Akacheka. "Bro, si ulinilipa? Hiyo ni sawa." Nikamwambia si sawa. Akanyamaza, halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri, kwamba alikuwa amemwonyesha mamake lile tangazo. Alisimamisha video hapo mwisho kabla jina halijatokea, akamwambia simu imekwama.

Usiku huo nilifungua faili. Ilinichukua dakika nne kuongeza tabaka moja la maandishi, fremu kuu mbili, jina lake linaingia pole na kusimama chini ya langu. Nikalipeleka dukani na kuomba wabadilishe lile la zamani. Wamesema wataangalia. Nimewakumbusha mara tatu, na Jumatatu nitawakumbusha tena. Nakala mpya nimemtumia yeye, na nimemwambia hii asiisimamishe.

Mama bado huniuliza kila nikipiga simu kama kuna katuni nyingine inakuja. Namwambia ipo. Na kabla sijakubali kazi yoyote siku hizi, nauliza swali moja kabla hata ya pesa: majina yataandikwaje? Watu wengine hukasirika. Studio mbili hazijanipigia tena tangu niwaulize. Moja ilinijibu kwamba hilo litajadiliwa, na hiyo ndiyo ninayoifanyia kazi sasa, nasogeza mkono wa twiga mmoja, kiganja fremu mbili nyuma ya kiwiko.